Likizo na Mama wa Mtalaka Wangu

Jumamosi, 8 Julai

Tumefika! Torre del Mar, pwani ya Hispania, nyumba ile ile ya kupanga, ghorofa ya pili, kibaraza kile kile kinachotazama bahari kwa jicho moja—jicho la pili limezibwa na hoteli. Jua kali. Chumvi hewani. Nimevua viatu kabla hata ya kufungua mabegi.

Mama kaja na kikaango chake kutoka Málaga. Kakifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga. Eti vikaango vya nyumba za kupanga vina dhambi za watu chini yake.

Kazini, dukani kwetu kwa miwani, Obdulia alinicheka mpaka akashika meza. Watu wakiachana, kasema, mmoja huondoka na gari, mwingine na mbwa—wewe ukaondoka na mama mkwe! Ndivyo ilivyo. Leandro na mimi tuliachana miaka minne iliyopita, bila vita, tulichokana tu. Julai iliyofuata Bi Angustias akanipigia simu kana kwamba hakuna lililotokea: Fuensanta, mwaka huu leta mashuka ya rangi, meupe yanaonyesha divai. Nikaleta. Basi. Leandro ana Agosti yake na Noelia wake, mimi nina Julai yangu na mama yake. Bado namwita Mama. Nimwite nani?

Mchana: dagaa wa kukaanga, wakavu, wanavunjika mdomoni. Nyanya, chumvi, mafuta ya zeituni. Bia baridi mpaka glasi inatoa jasho. Mama kanipiga kikofi cha mkono—usile mkate, utajaza nafasi ya samaki!

Jioni Leandro kapiga simu. Chumba cha Mama kimekwisha kupakwa rangi. Kijani, kama aiskrimu ya pistachio. Mama anahamia kwa Leandro na Noelia Septemba, kwa sababu nyumba yake ya Málaga iko ghorofa ya nne, haina lifti, na magoti yake yana miaka themanini na moja kama yeye. Mama kajibu sawa, mwanangu, sawa. Alipokata simu kaniambia: pistachio ni ya kulamba, si ya ukuta.


Jumapili, 9 Julai

Ufukweni mapema, vita vya miavuli. Familia moja kutoka Jaén, kule bara, imepanga viti kama ukumbi wa harusi, huna pa kupita. Mama kachomeka mwavuli wetu katikati yao, kaketi, kafungua upepeo wake, kawaamkia kama malkia. Hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Baadaye walitugawia parachichi.

Mama huingia baharini na kofia na hereni. Anasimama kwenye maji ya kiuno na wanawake wengine wenye kofia na hereni, wanapiga soga. Hawaogelei. Wanajichovya kama biskuti.

Mchana kwa Rufino, mgahawa wa ufukweni, miguu mchangani. Dagaa wanene kama vidole gumba, wamechomwa kwenye vijiti vya tete mbele ya ile mashua kuukuu aliyoijaza mchanga na makaa. Unakula kwa mkono, unafuta mdomo kwa mkono, unaramba mkono. Nimekula vijiti vitatu. Vinne. Hakuna anayesoma hapa—vinne.

Meza ya jirani wazee wanacheza dhumna. Mmoja, mwenye kofia ya majani, anabamiza kete mpaka glasi zinaruka. Alipotupita kanyanyua kofia. Mama hakumtazama. Kabisa! Alikuwa anatazama bahari kama aliyeiona leo mara ya kwanza.

Halafu kaniambia kesho nivae hereni. Hereni za nini, kwenda kula samaki? Nashuku. Mama ana mpango. Kama anataka kunirudisha kwa Leandro, nitaruka kibarazani.


Jumatatu, 10 Julai

Upepo wa moto kutoka bara. Kama mtu kafungua tanuri akasahau kulifunga. Tumeshinda ndani, mapazia chini. Supu baridi ya lozi, zabibu zikielea juu. Ugomvi: punje mbili za kitunguu saumu au tatu? Tatu. Sasa hata mbu hawaji.

Leandro kapiga tena. Kitanda kimeletwa, kinapanda na kushuka kwa kitufe. Mama kashukuru, kisha kaifunika simu kwa mto wa kochi, kama mtu anayefunika kasuku ili alale.


Jumanne, 11 Julai

Upepo umepoa. Tumepanda basi mpaka Nerja. Mama ndani ya gauni la maua ya buluu ambalo sijapata kuliona. Nimelinunua sokoni, kasema, na mjadala ukafungwa.

Ufukwe wa Burriana. Sufuria pana kama gurudumu la trekta juu ya kuni, wali wa manjano, kamba, kome, vipande vya kuku. Mpishi anaizunguka akiikemea. Kabla ya wali tumeagiza biringanya za kukaanga, juu yake asali nyeusi ya miwa. Ee! Ningezikwa na sahani ile. Divai nyekundu na soda ya ndimu, barafu tele. Mama kanywa mbili na kuimba kidogo.

Na nani kaketi meza ya ukutani? Mzee wa dhumna! Peke yake, sahani moja. Kanyanyua kofia. Nikainamia biringanya.

“Mama, yule mzee juzi alikuwa kwa Rufino.”

“Wazee ni wengi pwani hii,” kasema. “Na wote wana kofia.”

Lakini kutwa mzee alikuwa anaangalia meza yetu. Akitafuna, anaangalia. Akimenya kamba, anaangalia. Mama alikuwa kampa mgongo, kwa hiyo… Hapana. Mimi? Zile hereni! Nimezivua chini ya meza nikazitia kwenye pochi.

Yaani mwanamke anaachika, anakaa miaka minne bila kupigiwa hata mluzi, halafu mluzi wa kwanza unapitia kwenye meno ya bandia! Nacheka peke yangu hapa kibarazani. Baya zaidi ni kwamba nimefurahi kidogo.


Jumatano, 12 Julai

Niandike yote, maana nikisimulia kazini hawataamini.

Mama kataka twende Frigiliana. Nikamwambia Mama, kule ni mlima, ni ngazi tupu, magoti yako! Kasema magoti yake leo yameamka vizuri. Mabasi mawili, na juani. Tulipofika, yule yule ambaye magoti yake ndiyo chanzo cha rangi ya pistachio na kitanda cha kitufe kapanda ngazi kama mbuzi. Mimi nyuma, nahema, nashikilia kuta za watu.

Kwenye kijiduka kimoja tumekula jibini ya mbuzi na kunywa divai tamu ya zabibu kavu. Vikombe vidogo. Vingi. Kisha tukatokeza kwenye kiwanja cha kanisa—na pale kwenye benchi, chini ya kofia ya majani, akitafuna lozi za kukaanga kutoka kwenye karatasi—yeye!

Divai ikanipa ujasiri. Nikamwendea.

“Mzee, samahani. Unatufuata?”

Kavua kofia. Nywele nyeupe, zimechanwa kwa maji. “Mimi nimekuja na basi la kwanza, bibie. Nyinyi mmekuja na la pili. Sasa hapo nani anamfuata nani?”

“Jumapili ulikuwepo! Jana ulikuwepo!”

“Na kesho ningeomba tubaki chini,” kasema, “mlima huu umeniua mgongo.” Lakini hakuwa anasema na mimi. Alikuwa anamtazama mtu nyuma yangu.

Nikageuka. Mama, mkono mdomoni. Kisha mkono ukashindwa. Kacheka mpaka ikabidi tumkalishe.

“Evaristo!” anasema, machozi yanamtoka. “Masikini mtoto wa watu—alidhani unamtaka yeye!”

Kiwanja kizima kimesikia. Padre alikuwa mlangoni. Naye kasikia.

Kwa hiyo. Jina lake Evaristo, umri themanini na tatu, mgane. Anapiga tromboni—ile tarumbeta ndefu ya kuvuta na kusukuma—kwenye bendi ya mji tangu akiwa na kaptula. Julai ya mwaka juzi kwa Rufino alimpisha Mama kivulini, na Mama kamwambia kivuli chenyewe kina nzi. Hapo ndipo yalipoanzia. Msimu wote wa baridi wanapigiana simu, saa za mimi nikiwa kazini na Leandro akiwa kazini.

Nikauliza hereni zilikuwa za nini basi.

“Nilitaka akuone umependeza,” Mama kasema, kama nimeuliza jambo la kijinga. “Yeye kanionyesha watoto wake wote kwenye picha. Mimi sikuwa nimemwonyesha mtu.”

Tumerudi na basi moja, sisi watatu. Mzee kasinzia begani kwa Mama. Mama hakusogea mpaka Torre del Mar.


Alhamisi, 13 Julai

Nimenuna. Nusu siku.

Si kwa sababu ya mzee. Mzee ni mtamu kama zabibu. Miaka miwili mizima, na hakuniambia! Mimi ninayemkata kucha za miguu! Mimi ninayejua hata kwa nini hampendi daktari wake!

Mama hajui kuomba msamaha, hakufundishwa. Katoka asubuhi peke yake, karudi na maandazi marefu ya moto na kopo la chokoleti nzito, kayaweka mbele yangu, kakaa. Nikachovya moja. Nikachovya la pili. Huwezi kununa na chokoleti kidevuni.

“Siendi kwa Leandro,” kasema.

Nikaacha kutafuna.

Evaristo ana nyumba ya chini, mtaa wa nyuma ya soko, ina ua na mlimau. Kamwomba abaki. Asirudi Málaga tena. Ndoa hawataki—kanisani nilishakwenda, Mama anasema, nikaona kulivyo.

Nikamwambia, Leandro ataumia. Kapaka rangi. Kanunua kitanda.

“Najua. Ni chumba kizuri.” Kakunja karatasi ya maandazi, kaikunjua, kaikunja tena. “Lakini ni chumba, Fuensanta. Wananitengenezea chumba kama cha mgonjwa, wananipenda, watanigongea mlango polepole. Kule kwa Evaristo nikifika tu naambiwa, Angustias, shika kisu, kata vitunguu.”

“Unataka kukatishwa vitunguu?”

“Nataka mtu anilalamikie nimevikata vibaya.”

Nilikuwa na swali langu na sikuliuliza, maana ni la aibu kwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa. Nitaliandika hapa ndiyo litoke: akihamia kwa mzee, Julai yangu itakuwaje? Mke wa zamani wa mtoto wa mwanamke anayeishi na mzee wa tromboni. Undugu huo hata jina hauna.


Ijumaa, 14 Julai

Siku nzuri kuliko zote!

Tumekwenda watatu, kule mbali upande wa mnara, ambako hakuna familia za Jaén. Kimanda cha viazi, kinene, bado vuguvugu. Pilipili za kuokwa. Divai nyeupe kwenye ndoo ya barafu. Na tikitimaji zima, kubwa kama kichwa cha punda, ambalo Evaristo kalifukia nusu kwenye mchanga wa majini ili lipoe. Kasema ndivyo baba yake alivyofanya. Mama kasema baba yake alikuwa mvivu wa kununua barafu.

Tumekula. Tumesinzia. Nasikia Mama anapiga ukelele.

Tikitimaji linaondoka! Wimbi limelichimbua, linaelea, linakwenda zake taratibu kama abiria aliyelipa nauli. Evaristo kajitosa na kofia yake. Jamani, mzee haogelei—anapiga maji kama anayeyaadhibu. Nikajitosa mimi, na gauni, na miwani. Nikalifikia, nikalishika, likateleza. Nikalikumbatia, likanizamisha. Ufukweni Mama anatoa amri: “Kushoto! Mshike Evaristo! Hapana, shika tikiti!”

Nimerudi na vyote viwili. Tikitimaji kwapa hili, mzee mkono ule. Miwani imekwenda na maji—mimi, muuza miwani! Tumelipasua tikiti kwa jiwe, kisu tulisahau. Lilikuwa na chumvi kidogo pembeni na tamu katikati na sijawahi kula kitu kama kile. Tulitema mbegu kushindana. Mama kashinda. Eti ni mapafu yangu, Evaristo kasema, ndiyo yaliyozeeka kwenye tromboni, ningemshinda.

Tukiwa tunakausha nguo, Evaristo kaniambia, kama mtu anayezungumza habari za hali ya hewa: nyumbani kwangu chumba cha barabarani kina kelele za soko. Wewe kila Julai utalala cha uani.

Sikuwa nimeuliza kitu. Nikajifanya nafuta miwani ambayo sina.


Jumamosi, 15 Julai

Kamwambia! Kwa simu, jikoni, huku anamenya vitunguu. Nimesikia kila neno, nyumba yenyewe ni kiganja. Mwanangu, nashukuru kwa chumba, lakini sitakuja, nabaki pwani. Kisha: sijachanganyikiwa, Leandro. Leo ni Jumamosi. Jana ilikuwa Ijumaa.

Haijapita dakika, simu yangu ikalia.

“Fuensanta, umemwambia nini mama yangu?”

“Sijamwambia kitu.”

“Alikuwa amekubali kila kitu! Wiki moja na wewe, hataki kitu!”

“Mama yako ana akili zake.”

“Ana miaka themanini na moja!”

“Na akili zake.”

Kasema kesho anakuja, kakata. Zamani alipokata simu hivyo ningempigia mara moja nimtulize. Leo sikumpigia. Nikala zeituni.

Nikaenda jikoni. “Anakuja kesho kula mchana. Na Noelia.”

“Basi tununue samaki mkubwa,” Mama kasema.

“Umemwambia kuhusu Evaristo?”

“Simu ilikuwa na kelele.”

Simu haikuwa na kelele. Kesho ni sikukuu ya Bikira wa Karmeli, mchana wote bendi inajipanga, na Evaristo kaahidi kupita saa kumi na mbili kumsalimu Leandro kabla ya maandamano. Mama anasema mpaka saa hizo atakuwa amekwisha kumwambia. Tumenunua samaki wa kutosha watu wanane.


Jumapili, 16 Julai

Saa kumi na moja hivi. Niko mezani jikoni. Kila mtu analala mchana, au anajifanya. Niandike kabla sijasahau nani kasema nini.

Wamefika saa nane. Leandro na keki kwenye boksi, jasho, shati lake lile la mikono mirefu hata Julai. Noelia kaungua pua. Kanibusu mashavu yote mawili, kwa nguvu, kama anayegonga mhuri. Leandro hakunibusu.

Samaki: kafukiwa mzima kwenye chumvi ya mawe, kaokwa mpaka chumvi imekuwa saruji. Mama kampa Leandro kijiko avunje, kama kawaida ya kila mwaka alipokuwa wetu. Kavunja kama anayebomoa nyumba. Chumvi mpaka kwenye divai.

Tumekula kila mtu na sahani yake. Samaki mtamu kiasi cha kukera—unataka kusifu na hakuna pa kusifia.

Kisha Leandro kaweka uma.

“Mama, nani kakutia maneno haya?”

“Hakuna.”

“Hakuna! Juma zima uko na nani?” Kanigeukia. “Fuensanta, kwa heshima yote, jambo hili halikuhusu. Wewe si wa familia tena.”

Nilikuwa na kipande cha samaki mdomoni. Kikakaa pale pale.

“Kaachana na wewe,” Mama kasema, wala hakupandisha sauti. “Na mimi hakuachana. Mpitishie limau.”

Leandro hakupitisha limau. Noelia kapitisha.

“Nimepaka mwenyewe,” Leandro kasema. Sasa sauti ilikuwa nyingine, sauti ndogo, hata mimi niliyelala naye miaka ishirini na moja siijui vizuri. “Sikumwita fundi. Nimepaka mara mbili, Mama. Rangi ya kwanza ilikuwa mbaya, nikaikwangua yote, nikaanza upya. Kila jioni nikitoka kazini.”

Leandro! Aliyeniacha na balbu iliyoungua msimu mzima wa baridi! Nikamwona juu ya ngazi, brashi mkononi, shati la mikono mirefu, anakwangua. Nikataka kumchukia na sikuweza.

Mama kainuka, kazunguka meza, kamshika kichwa kwa mikono yote miwili, kama anavyoshika tikiti sokoni akitaka kujua limeiva. “Ni chumba kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupewa,” kasema. “Na sitalala ndani yake. Utanisamehe polepole. Kula.”

Leandro hakula. Lakini hakuondoka. Kakaa anachokoa miiba ya samaki mpaka kaimaliza.

Na Evaristo? Hakumtaja! Nilimpiga Mama teke chini ya meza. Kanirudishia.

Tumeosha vyombo, mimi na Noelia. Yeye anaosha, mimi nafuta. Sijawahi kusimama karibu naye kiasi kile. Ananukia krimu ya jua. Kaongea kwa kunong'ona, bila kugeuka.

“Kuna mwanamume, sivyo?”

“Mwanamume gani?”

“Mama. Gauni jipya, na kajipaka manukato kula samaki.”

Nikafuta sahani ile ile mara tatu.

“Leandro kagundua?” nikauliza.

“Leandro hajagundua kwamba nimekata nywele.”

Nikamtazama. Kweli, kakata. Tulicheka kichwa ndani ya sinki, mabega yanatetemeka, bomba limefunguliwa ili wasisikie. Kaniambia yeye alimsihi Leandro amwulize Mama kabla ya kununua rangi. Kaniambia pia kwamba anaogopa sana bahari na kila Agosti anajifanya haogopi. Sikumwuliza, kaniambia tu. Sikutaka nimpende, nina haki yangu. Lakini nimempakulia keki kipande kikubwa.

Sasa kimya. Leandro kwenye kochi, anakoroma yale makoromo yake ya kupanda ngazi. Noelia kajilaza sakafuni kwenye vigae, kwenye ubaridi, macho wazi. Kutoka ufukweni nasikia bendi inajaribu ala. Tarumbeta. Ngoma. Kitu kirefu, kizito, kinachoshuka kama mtu anayeteleza—hiyo ndiyo tromboni? Watoto wanarusha fataki mchana mweupe. Harufu ya dagaa wa kuchoma imeingia mpaka jikoni. Nina njaa tena, baada ya yote yale!

Nimekwenda kugonga bafuni. Nikamwambia Mama, dakika zinakwenda, mwamshe mwanao umwambie. Kasema anamalizia nyusi. Nikamwambia, basi nimwambie mimi? Kasema hapana, hii ni yangu.

Kengele ya mlango.

Kafika mapema!

Nimechungulia kibarazani. Yuko chini mlangoni, sare nyeupe, vifungo vya dhahabu, tromboni kwapani. Mkono mmoja kashika kishada cha yasmini, wa pili anajipangusa kiatu kwa leso, mguu juu, anayumba. Ataanguka. Hajaanguka.

Leandro kaamka. Nywele za upande mmoja zimesimama. “Nani?” ananiuliza. Noelia sakafuni anatazama dari kwa makini sana.

Kengele tena.

Sauti ya Mama kutoka bafuni, mpaka jirani kasikia: “Fuensanta, usifungue wewe! Leandro, mwanangu, fungua mlango—ni wangu!”

Leandro ananitazama. Mara ya kwanza leo ananitazama bila hasira.

“Wake vipi?”

Naendelea kuandika, nimeinamisha kichwa kama mtoto wa shule. Namsikia anatafuta viatu, anaviacha. Anabonyeza kitufe cha mlango wa chini. Hatua kwenye ngazi, za polepole, na chuma kinagonga ukuta kila kona. Nimenyanyua macho. Leandro kasimama nyuma ya mlango pekupeku. Analaza nywele kwa kiganja. Anachomekea shati, kama anayempokea mgeni wa heshima, na kushika kitasa.